Nyoka Shuleni: Rudi Hatua Tano Kwanza

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Sepuka, mkoani Singida)



Hebu tuanze na swali. Ni saa nne, saa ya uji. Unapita nyuma ya jiko la shule, mara unaona kitu kinajivuta kando ya rundo la kuni. Mmoja anapiga kelele, "Nyoka! Nyoka!" Kitu gani kinafuata? Jibu ninalo, kwa sababu na mimi nimesoma shule za namna hii. Ndani ya dakika moja wanafunzi hamsini wamefika. Mwenye jiwe ana jiwe, mwenye fimbo ana fimbo, na mwenye mikono mitupu anawasukuma walio mbele ili na yeye aone.

Leo dada yenu nimekuja kuwaambia kwamba dakika hiyo moja ndiyo ya hatari kuliko zote. Nyoka anayepita zake hana haja na wewe. Hawezi kukumeza, wala hana kisasi. Anauma akikanyagwa, akishikwa, au akizingirwa akakosa njia. Na sisi tukimwona nyoka, tunafanya nini? Tunamzingira!

Nilipokuwa kidato cha pili tulimkuta nyoka nyuma ya jiko. Wavulana wakamzunguka. Maskini nyoka anatafuta pa kutokea, lakini kila upande kuna miguu. Akanyanyua shingo, akaitanua. Mwenzetu mmoja akainama kuokota tofali, na alipoinua uso akarushiwa mate ya sumu machoni. Kumbe alikuwa swila. Jamani, yule kijana alilia kama mtoto mchanga. Sisi wasomi tukaanza kubishana. Huyu anasema apakwe mafuta ya taa, yule anasema kuna majani fulani ya kutafuna na kumtemea machoni.

Aliyemwokoa ni mama mpishi. Alitusukuma wote, akamlaza kijana kando ya pipa, akamwagia maji safi machoni, kikombe baada ya kikombe, mpaka sisi tuliokuwa tukitazama tukachoka. Kisha akasema, "Haya, sasa hospitali." Baada ya siku kadhaa macho yalipona. Nyoka naye aliuawa. Lakini tangu siku ile najiuliza: kama tungerudi nyuma hatua tano tu, nani angeumia?

JE, TATIZO HILI NI KUBWA?

Ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka duniani. Kati yao, watu 81,000 hadi 138,000 hufariki. Wengine, karibu mara tatu ya idadi hiyo ya vifo, hukatwa mkono au mguu, au hubaki na ulemavu wa kudumu. Wengi ni watu kama wa kwetu: wakulima, wachungaji na watoto wa vijijini.

Kwa miaka mingi jambo hili halikupewa uzito. Mwaka 2017 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoliingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Mpango ni mzuri, lakini nusu ya kazi ipo mikononi mwako wewe, kwenye njia ya kwenda chooni na kwenye uwanja wa mpira.

KWA NINI NYOKA ANAKUJA SHULENI?

Nyoka hakuja kusoma. Anafuata chakula, maji na mahali pa kujificha. Tazama shule iliyo katika nchi kavu kama yetu hapa Ikungi. Ghala lina mahindi na maharage. Jirani amevuna alizeti, amejaza magunia. Jikoni ukoko wa ugali umemwagwa nje. Nani wa kwanza kuja? Panya. Na panya akija, nyoka anamfuata. Bomba linavuja, pana dimbwi, vyura wanaimba usiku, na nyoka anasikia harufu yao. Nyuma ya bweni kuna matofali yaliyobaki tangu darasa lijengwe, na kichuguu chenye mashimo. Hapo amepata na nyumba.

Sasa, kabla hujasema "basi tuwaue wote," fikiri kidogo. Panya hula chakula chenu na huleta maradhi. Wilayani Lushoto, mkoani Tanga, tauni ililipuka mwaka 1980 na kuwasumbua watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Nyoka na bundi ni walinzi wa ghala wasiodai mshahara. Hata sumu ya nyoka imemfaa binadamu. Dawa ya shinikizo la damu iitwayo kaptoprili ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka mmoja wa Brazil.

Kwa hiyo hatusemi umpende nyoka. Tunasema umwache aondoke, kisha uondoe kile kilichomleta.

MJUE BILA KUMSOGELEA

Majina ya nyoka hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, na rangi nazo hudanganya. Usijaribu kumtambua nyoka kwa kumwangalia meno! Mtazame kwa mbali tu.

Kifutu (wengine humwita moma au bafe). Ni mnene, mfupi, kichwa kipana, na mgongoni ana alama kama herufi V zilizopangwa mstari mmoja. Rangi yake ni ya majani makavu na udongo. Huyu hakimbii. Anategemea kwamba hujamwona, kwa hiyo analala palepale njiani mpaka unamkanyaga. Ukimkaribia hutoa pumzi kwa nguvu kama gurudumu la baiskeli linaloishiwa upepo. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama.

Swila. Ni mweusi au wa kahawia. Akitishwa hunyanyua sehemu ya mbele ya mwili na kutanua shingo. Hurusha sumu hadi umbali wa mita mbili au tatu, na analenga uso. Anaweza kuuma pia. Usiku huingia nyumbani kutafuta panya na vifaranga, na wapo watu walioumwa wakiwa wamelala chini.

Koboko. Ni mrefu na mwembamba, huweza kuzidi mita tatu. Watu hudhani ni mweusi, lakini mwili wake ni wa kijivu au wa hudhurungi. Cheusi ni ndani ya kinywa. Ana mbio na ana woga, hupenda kukimbilia shimoni au kichuguuni kwake. Usisimame kati yake na shimo hilo. Sumu yake hulegeza misuli mpaka mtu anashindwa kupumua, na inaweza kuua kwa saa chache.

Nyoka mweusi mdogo wa ardhini. Huonekana baada ya mvua, ana urefu wa rula moja au mbili, macho madogo. Mtoto anaweza kumdhania mnyoo mkubwa. Meno yake hutokea pembeni mwa mdomo, kwa hiyo hata ukimshika nyuma ya kichwa anakuchoma. Wengi wameumwa vidole kwa kudhani wanaweza kumshika.

Chatu. Mkubwa, ana mabaka, hana sumu. Lakini ana meno makali na nguvu ya kubana. Usimchezee.

Wapo pia wengi wasio na madhara kwa mtu, kama yule wa kahawia wa majumbani anayekula panya, na yule mla mayai. Tatizo ni kwamba mla mayai hujifanya mkali kama kifutu ili aogopwe. Je, wewe utawatofautisha katika giza? Hata wataalamu hukosea. Kwa hiyo kanuni ya shule ni moja: kila nyoka usiyemjua mhesabu kuwa ana sumu, na usimguse, hata akionekana amekufa. Kichwa cha nyoka aliyekatwa kinaweza kuuma bado.

UKIMKUTA, FANYA HIVI

1. Simama. Usipige kelele za kuwaita watu wakusanyike. Tafuta kwa macho alipo, usije ukarudi nyuma ukamkanyaga mwingine au ukaanguka.

2. Rudi nyuma polepole hatua tano ndefu. Hizo ni kama mita nne, nje ya umbali wa mate ya swila. Akiwa nyoka mrefu mwenye mbio, nenda mbali zaidi. Ukiona shingo imetanuka, funika macho kwa mkono na uendelee kurudi.

3. Mwachie njia. Waambie wenzako wasimame upande mmoja tu, ule wa nyuma yako. Nyoka akiona upande wa porini uko wazi, mara nyingi huondoka mwenyewe.

4. Mtu mmoja amtazame kwa mbali, mwingine amwite mwalimu wa zamu. Nyoka aliyepotea machoni ni mbaya kuliko yule unayemwona.

5. Akiwa darasani au bwenini, tokeni kwa utaratibu, wa karibu na mlango kwanza. Mlango wa nje uachwe wazi na watu wakae mbali nao. Asipotoka, mwalimu afunge mlango, aweke gunia au nguo chini yake, kisha aombe msaada kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba ya bure 114.

Usimwagie mafuta ya taa. Usichome moto shimo. Usimrushie mawe. Hayo yote humfanya nyoka aje upande wako.

Utasema, "Mbona Bayeye wanawashika?" Ni kweli. Majirani zetu Wasukuma wana chama cha ngoma cha Bayeye, na wachezaji wake hucheza na nyoka. Lakini huo ni ujuzi wa kufundishwa na wazee kwa muda mrefu, siyo wa kuiga baada ya kuangalia ngoma mara moja. Kule Watamu, pwani ya Kenya, kuna kituo cha nyoka cha Bio-Ken kilichoanza mwaka 1980. Mtu akimwona nyoka nyumbani, wataalamu huitwa, humchukua kwa fimbo yenye ndoano, na nyoka huhamishwa akiwa hai. Hapa nchini, mahali panapoitwa Meserani, karibu na Arusha, pana bustani ya nyoka ambayo imejulikana pia kwa kutibu walioumwa. Kwa hiyo kuokoa nyoka na kuokoa mtu ni kazi zinazokwenda pamoja. Lakini mshikaji ni yule aliyefundishwa. Kazi yako ni hatua tano.

AKIUMA MTU

Hapa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo maisha hupotea.

Mtoe mgonjwa mahali alipo nyoka. Mtulize, umwambie ukweli: siyo kila anayeumwa na nyoka hufa, na mara nyingine nyoka mwenye sumu huuma bila kuitoa. Mlaze, asitembee, asikimbie. Kiungo kilichoumwa kisitikisike. Kifunge kwenye kibao au fimbo iliyonyooka, kwa kitambaa kisichobana. Vua pete, saa, bangili, shanga na kiatu kabla uvimbe haujaanza. Kisha safari ya hospitali ianze mara moja. Kama usafiri ni pikipiki, mgonjwa akae katikati, mtu mwingine amshike kwa nyuma. Akitapika au kulegea, mlaze ubavu.

Sumu ikiingia machoni, fanya kama mama mpishi: maji safi mengi, angalau dakika kumi na tano hadi ishirini, bila kusugua, halafu hospitali.

Mambo ya kutofanya:
- Usichanje kwa wembe.
- Usinyonye kwa mdomo.
- Usifunge kamba kwa nguvu. Damu ikizuiwa, mguu unaweza kuoza ukakatwa.
- Usiweke barafu, usichome moto, usitumie umeme wa betri.
- Usimpe pombe.
- Usimfukuze nyoka ili umpeleke hospitali. Inatosha kumweleza mganga wa hospitali rangi, urefu, na alichofanya. Mwalimu mwenye simu anaweza kumpiga picha, lakini kwa mbali.

JE, JIWE LA NYOKA LINATIBU?

Swali hili huulizwa kila ninapokwenda. Mtu anasema, "Babu yangu aliumwa, akawekewa jiwe jeusi, akapona." Sisemi babu amedanganya. Amepona kweli. Lakini tumia sayansi unayofundishwa. Kama nyoka alikuwa hana sumu, au aliuma bila kutoa sumu, babu angepona hata angewekewa ganda la ndizi. Jiwe halifyonzi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Siku nyoka akiwa koboko, zile saa mbili za jiwe ndizo zilizokuwa za kumwokoa.

Sisemi pia uwadharau wazee. Ukiwa nyumbani na baba au bibi anataka mganga kwanza, sema kwa adabu: "Bibi, twende hospitali sasa hivi, dua na baraka zako zitufuate njiani." Usibishane nusu saa.

Dawa halisi ya sumu ya nyoka ilianza kutengenezwa Ufaransa katika miaka ya 1890, na Dakta Albert Calmette alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Farasi huchomwa sumu kidogo kidogo. Mwili wake hutengeneza askari wa kupambana nayo, kisha askari hao huchujwa kutoka katika damu yake na kuwa dawa. Mnaona, ni bailojia yenu ileile ya kinga ya mwili. Dawa hiyo huweza kuleta mzio mkali, kwa hiyo hutolewa na mganga hospitali tu, siyo dukani wala nyumbani.

Dawa hii ni ghali na siyo kila zahanati inayo. Hapo ndipo klabu yenu ya afya ina kazi kubwa. Usingoje mtu aumwe ndipo uulize. Mwombeni mwalimu apige simu wiki hii kwenye kituo cha afya, kwenye hospitali ya wilaya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Singida, aulize swali moja: "Dawa ya sumu ya nyoka ipo? Kama haipo, tumpeleke wapi moja kwa moja?" Jibu liandikwe kwa herufi kubwa ukutani ofisini, pamoja na namba za simu za watu wawili wenye gari au pikipiki. Na liulizwe tena kila muhula, kwa sababu dawa huisha.

ONDOA KILICHOMLETA

Siku ya usafi isiwe ya kufagia njia ya mwalimu mkuu peke yake! Fyekeni nyasi kuzunguka madarasa, mabweni na vyoo, na atakayefyeka avae viatu vya kufunika mguu. Kuni na matofali viwekwe mbali na bweni, juu ya vichanja kama inawezekana. Ukienda kuchukua kuni, zisukume kwanza kwa fimbo ndefu. Zibeni mashimo ya ukuta na nafasi chini ya milango. Makombo yafukiwe. Bomba litengenezwe. Mpira ukiingia porini, usiingize mkono kwenye kichaka, tumia fimbo.

Usiku, hasa mvua zinapoanza, usiende chooni bila tochi na viatu, na nendeni wawili. Kung'uta viatu asubuhi. Usilale chini. Chandarua kikichomekwa vizuri chini ya godoro kinazuia mbu na kinamzuia nyoka pia.

Dawa za kunyunyizia, vitunguu saumu, mipira ya kuchoma: usiyategemee hayo. Shule safi ndiyo dawa.

NENO LA MWISHO

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sitaki ufike huko, uishi ukiogopa kila kamba. Nataka siku utakaposikia "Nyoka! Nyoka!" nyuma ya jiko, uwe yule mmoja anayesema kwa sauti, "Rudini hatua tano, mwacheni njia." Watakucheka, watakuita mwoga. Waache wacheke. Wakimaliza kucheka wote watakuwa na macho yao mawili na miguu yao miwili, na nyoka atakuwa ameshakwenda zake.

 Sasa maswali.